Kugeuza gereji ya zege za kuchomeka iwe chumba cha mtu kulala

Kwa mama kule Nyegezi, Mwanza, kuna gereji, ila sio ya tofali, ni ile ya zege za kuchomeka, nguzo zina mfereji ubavuni halafu slabu zinashushwa moja juu ya nyingine, juu bati, mbele geti la chuma la milango miwili. Iliachwa na mkandarasi aliyekuwa amepanga uwanja wetu zamani. Gari halijawahi kulala mle, ilikuwa ya madumu, baiskeli mbovu na kuku. Mdogo wangu alipochaguliwa chuo cha SAUT tukaona badala ya kumlipia geto Malimbe hela hiyo tuiingize kwenye gereji, akae nyumbani ale ugali wa mama.

Tukakimbiza kazi mwezi wa nane, jua kali, kila kitu kikavu. Fundi akapiga plasta moja kwa moja juu ya slabu, akapaka rangi ya krimu, ikapendeza mpaka majirani wakaja kuangalia. Mwezi wa kumi na moja mvua zimeshika, ukuta ukaanza kujichora wenyewe, mistari ya kulala kuzunguka chumba kizima, yaani unahesabu kabisa slabu ngapi ziko nyuma ya rangi, ukipitisha kidole kwenye mstari kinatoka na unga mweupe wa chumvi. Nyuma ya kabati ukungu mweusi, godoro linanuka kama gunia la dagaa lililonyeshewa. Dogo akahamia sebuleni, sisi tukabandua plasta yote na kuanza upya. Haya ninayoandika ni ya raundi ya pili.

Slabu zile zina unene wa sentimita 4 au 5 tu. Mchana zinapata moto zinatanuka, usiku zinapoa zinasinyaa, kwahiyo kwenye maungio kuna kucheza kila siku inayoenda kwa Mungu, na hamna plasta itakayovumilia mchezo huo. Halafu jamvi la gereji, ile zege ya sakafu, mara nyingi limemwagwa bila nailoni chini, kwa sababu gari halijali unyevu. Kwahiyo gereji ihesabu kama mwavuli, chumba unakijenga ndani ya mwavuli na hakigusani nao. Ukishika hilo hata fundi akikushauri njia ya mkato utajua pa kumkatalia.

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja

Angalia juu. Kama paa ni bati la kawaida, sawa. Kama ni yale mashiti mazito ya kijivu yenye mawimbi makubwa, yanayofanana na simenti, yanayokatika badala ya kukunjika, hiyo inaweza kuwa asbesto, na hapo usipande, usitoboe, usikate na grainda wala usifagie vumbi lake, maana zile nyuzi zikiingia kwenye mapafu ugonjwa unakuja kujitokeza baada ya miaka 20, 30, wewe umeshasahau. Nenda kwa afisa mazingira wa halmashauri akuelekeze namna ya kuyatoa na pa kuyapeleka. Usiwape vijana wa mtaani wakavunje kwa nyundo, hao ni watoto wa watu.

Halafu zunguka nguzo na slabu taratibu na nyundo ndogo mkononi, gonga. Zege nzima inalia kavu, iliyoachia inalia kama mtungi mtupu. Ukiona madoa ya kutu yanatoka kwenye ufa, ndani nondo imeanza kuoza na inavimba, inaisukuma zege nje. Sehemu moja mbili unaweza kubandua, ukasugua chuma kwa brashi ya waya mpaka king'ae, ukapaka dawa ya kutu na kuziba kwa simenti nzuri. Zikiwa nguzo nyingi hivyo bora ubomoe ujenge tofali kuanzia msingi, hela ni hiyo hiyo.

Na kibali. Kwa sababu unageuza stoo ya gari kuwa makazi, anzia kwa mwenyekiti wa mtaa kisha halmashauri, huku kwetu Nyegezi ni Jiji, ukiwa upande wa Pasiansi, Kirumba au Kiseke wewe ni Manispaa ya Ilemela. Watu wengi wanairuka hii hatua halafu wanakutana na X nyekundu ukutani.

Hatua ya 1: maji ya nje

Mwanza tumejengewa juu ya mawe, kila mtu anajua, na mvua ikinyesha maji hayazami, yanateleza kwenye mwamba yanashuka mpaka yakute ukuta wa mtu. Kwahiyo kabla ya ndani shika jembe uende upande wa mlimani. Chimba mfereji nusu mita kutoka ukutani, uwe na mteremko wa kupeleka maji pembeni, na ushushe udongo wote unaogusa slabu mpaka uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 angalau. Sisi tulikuta udongo umepanda juu ya sakafu karibu kiganja kizima upande wa nyuma, miaka yote mama anamwaga majivu na maganda pale, sasa ukuta utakosaje kunywa maji.

Weka na gata. Tena paa litokeze nje ya ukuta, gereji nyingi bati limeishia pale pale kwenye slabu na maji yanalamba zege.

Hatua ya 2: maungio

Chokonoa simenti ya zamani kwenye maungio yote kwa tindo nyembamba, fagia, acha pakauke kabisa, halafu ziba kwa mastiki ya kuvutika, ile ya kwenye bomba inayokamuliwa kwa bunduki yake, kutokea nje. Usizibe kwa simenti. Simenti ni ngumu, slabu ikicheza inaachia upande mmoja, na ufa mwembamba kama unywele unatosha, mvua ya upepo kutoka ziwani inapiga kwa ubavu na inaingia. Muuza duka atakwambia silikoni ni hiyo hiyo, ila rangi haishiki juu ya silikoni, kwahiyo kama utapaka rangi nje muulize inayokubali rangi.

Bolti za paa zenye kutu badilisha moja moja. Narudia moja moja, kwa sababu paa ndilo linaloshika kuta zisimame, ukifungua yote kwa pamoja ili "kazi iende haraka" ukuta unaweza kukulalia.

Hatua ya 3: sakafu, na hapa usiwe na haraka

Kata nailoni mita moja kwa mita moja, ibandike kwenye sakafu kwa seloteepu pana pande zote nne, iache siku nzima, mbili ni bora zaidi. Ukifunua ukakuta matone upande wa chini, au zege pale imekuwa nyeusi kuliko pembeni, maji yanapanda kutoka ardhini. Ya kwetu ilikuwa imelowa mpaka nailoni imejibandika yenyewe. Rudia kona tatu nne, gereji ndefu haina tabia moja.

Pima na mteremko. Sakafu ya gereji inamwagwa ikielekea getini ili maji ya kuoshea gari yatoke, ya kwetu ina mita kama 6 na tofauti ya mbele na nyuma ni sentimita 6, ukiweka kitanda unalala kichwa chini. Vuta kamba na pimamaji ujue mapema, kwa sababu hiyo tofauti utaijaza kwa simenti na urefu wa kwenda juu unapungua. Dogo ana futi sita na kidogo, tulipima mpaka tukamsimamisha mle ndani.

Utaratibu wake ni huu. Fagia, ziba mashimo, toa kila kijiwe chenye ncha. Tandaza nailoni nzito, dukani omba ya geji 1000, zikikutana zipandiane sentimita 15 hadi 20 na uzibandike, na pembezoni ipande ukutani ipite usawa wa sakafu mpya. Hamna mtu kuingia na ndala zenye msumari wala kuburuta karai juu yake, shimo moja linaharibu maana yote.

Juu ya nailoni, ukuta wa Hatua ya 4 ukishainuka, inakuja sakafu mpya ya simenti, debe 1 la simenti kwa 4 za mchanga, na isipungue sentimita 5 popote, kwa sababu nailoni inaizuia kushikana na jamvi la chini, ikiwa nyembamba itapasuka vipande kama biskuti. Kwetu nyuma ni 5 na mbele ikafika 11, pale penye unene tukachanganya na kokoto ndogo. Mifuko 9 ya kilo 50 ikaingia kwa chumba cha mita 2.6 kwa 5.5, fundi alisema 5 itatosha, alipiga hesabu bila mteremko. Mchanga tafuta uliochekechwa, mwingine wa kando ya ziwa unakuja na udongo na makombe, ukiuloweka kwenye chupa ya maji na kuitikisa halafu ukaacha itulie utaona tope limekaa juu lina unene gani. Tope likiwa nene usiununue.

Mwagilia siku 7. Huku ndiko watu wanakoibiwa na jua la Mwanza, sakafu inakauka juu ndani ya siku moja wanafikiri imeiva, baada ya mwezi inatoa vumbi ukifagia. Tandika magunia, mwagia asubuhi na jioni.

Hatua ya 4: ukuta wa ndani

Fundi wako atasema tofali, kwa sababu tofali ndio anazijua. Mimi nasema inategemea jamvi limekaa juu ya nini. Chukua mtaimbo, gonga ardhi kuzunguka gereji, penye mwamba unaruka unarudi mkononi na mlio, penye udongo wa kujaza unazama. Kwetu uliruka pande zote, kwahiyo tukajenga tofali za inchi 5 bila wasiwasi. Kama uwanja wako ni wa kujaza, kama viwanja vingi kule kwenye miteremko ya kuelekea ziwani, usibebeshe jamvi uzito huo pembezoni, piga fremu ya mbao 2 kwa 3 zilizopakwa dawa ya mchwa, au skwea paipu, ukapigilia bodi. Jipsam usiishushe mpaka sakafuni, iache juu kidogo ufunike kwa skating, yaani ule ubao wa chini ya ukuta, inanyonya maji kama mkate kwenye chai.

Tofali moja ya inchi 9 kwa 18 usoni, ni kama tofali 10 kwa mita moja ya mraba, zidisha mwenyewe na utoe mlango na dirisha. Kozi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa tofali, inakaa juu ya nailoni, kwahiyo ukuta unainuka kabla ya ile sakafu ya simenti, usije ukamwaga sakafu halafu ukaanza kufikiria ukuta, sakafu nimeitanguliza kuiandika kwa sababu nailoni ndio mwanzo wa vyote viwili.

Kati ya tofali na slabu acha nafasi ya sentimita 5. Hiyo nafasi ndiyo inayozuia unyevu kuvuka na joto kuingia, kwahiyo isizibwe na simenti inayodondoka fundi akijenga. Njia yake rahisi sana: chukua ubao mwembamba unaotosha kwenye ile nafasi, ufunge kamba mbili, uuning'inize mle, simenti ikidondoka inaangukia juu ya ubao, kila kozi mbili tatu unauvuta juu unaufuta unaurudisha. Fundi wangu alinicheka siku ya kwanza. Siku ya pili akawa anauvuta yeye mwenyewe, siku ya tatu nikamsikia anamfundisha saidia fundi kama vile ni yake.

Ukuta mrefu weka nguzo ya tofali katikati, na juu kabisa mwaga mkanda mwembamba wenye nondo 2 za milimita 10, maana ukuta huu haujaegemea kitu. Chini ya slabu za nje toboa vitundu vichache vya kutolea maji yatakayoingia kwa bahati mbaya, uvizibe na wavu mjusi asihamie.

Hatua ya 5: mdomo wa geti, mlango na dirisha

Usikate slabu za ubavuni kutengeneza dirisha. Zile zinasimama kwa kushikana, na ndani yake nondo ni nyembamba. Tobo kubwa tayari unalo, ni pale geti lilipokuwa. Kwetu lina mita 2.4, tukaweka mlango wa sentimita 90, nguzo ya tofali ya 30, dirisha la mita 1.2 kwa 1.2, ikaisha kamili kama imekatwa na fundi cherehani. Mafundi wanasema dirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya sakafu, sisi sakafu ni mita za mraba 14 na kidogo, dirisha 1.44, tumegusa tu.

Kizingiti kiinue na mbele yake mwaga kibaraza chenye mteremko wa kwenda nje.

Lakini chumba chenye tundu upande mmoja tu hakipumui. Huku Nyegezi ziwa liko magharibi, mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu na usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kwahiyo ukiwa na tundu mashariki na tundu magharibi hewa inapita yenyewe masaa yote. Nyuma kule slabu ya juu kabisa ndiyo inayoweza kutoka nzima kwa kuinuliwa kwenye mfereji wake, ukisha kuegesha paa kwa mirunda kwanza, na pale pale unaweka dirisha refu jembamba la kufunguka, halafu ukuta wa ndani unauachia tundu la saizi hiyo. Kazi ya watu wanne, usijaribu na dogo peke yenu.

Grili ya dirisha iwe na bawaba na kufuli ya ndani, funguo ining'inie palepale. Chumba kina mlango mmoja, moto ukianzia mlangoni mtu atokee wapi. Na jiko la mkaa lisiingie mle hata siku moja hata mvua inyeshe vipi, hewa yake haina harufu na inaua mtu akiwa usingizini.

Nyavu zibane vizuri. Wale wadudu wa ziwani wanaoonekana kwa mbali kama moshi umesimama juu ya maji hawaumi, ila wakikuta taa nyeupe imewaka na dirisha wazi asubuhi unafagia kilo. Taa ya njano inawaita kidogo kuliko nyeupe, ya nje weka njano.

Hatua ya 6: juu

Bati linatoa jasho. Usiku linapoa, hewa ya chumba yenye pumzi za mtu inapanda, inagusa bati, inakuwa matone, na alfajiri yanakudondokea usoni wewe unasema bati linavuja. Dawa ni silingi bodi ikae kwenye blandaringi, zile mbao za kupigilia silingi, zilizobebwa na ukuta wa ndani, sio kuning'inizwa kwenye paa la gereji, na kati ya silingi na bati hewa iwe inapita, matundu mbele na nyuma yenye wavu. Chini ya bati tukatandaza ile karatasi ya fedha ya kuzuia joto, na joto la saa tisa mchana likapungua kweli.

Hatua ya 7: umeme

Fundi mwenye leseni ya EWURA, sio yule anayetengeneza redio. Waya zipite kwenye paipu kwenye ukuta wa tofali, slabu usizichimbe hata kidogo. Laini yake itoke kwenye mein switch ya nyumba ikiwa na breka yake na kinga ya kukata umeme ukivuja, waya wa milimita za mraba 2.5 kwa soketi, 1.5 kwa taa, na arthi. Ekstensheni kupitia dirishani ndio ilivyokuwa raundi ya kwanza, mama alikuwa haoshi vyombo karibu na ule waya.

Kumalizia

Plasta ya ukuta wa tofali piga kawaida, halafu usipake rangi. Tulisubiri wiki 4, madirisha wazi mchana kutwa, dogo analalamika bado anagombania rimoti na mama sebuleni. Kabla ya rangi rudia ile kazi ya nailoni na seloteepu, safari hii sakafuni na ukutani pia. Yetu siku ya kwanza ilikuwa na umande kidogo, tukaongeza siku 10, tukajaribu tena, ikatoka kavu, nikaipiga picha kabisa.

Kabati liache kiganja kimoja kutoka ukutani. Alihamia mwezi wa pili, na masika ya mwezi wa nne niliingia mle na tochi kutafuta mistari nyuma ya kabati, nikakuta ganda la karanga na soksi moja.